Jembe la Kukataa

Mdogo wangu Zozefu akija kunitembelea, harufu yake hutangulia kuingia. Ana gereji mjini, anatengeneza malori, na akipita sokoni hununua samaki wabichi wa ziwani, wale tunaowaita pale, akawafunga katika gazeti na kuwakumbatia kifuani. Basi grisi na samaki vinaingia nyumbani kwangu pamoja, bila hodi. Mimi huko jikoni napiga kelele: "Weye! Nawa mikono kwanza!" Naye anacheka tu. Hajui, au anajifanya hajui, kwamba harufu ile hunishika mkono na kunirudisha Kabuta, kando ya ziwa Mweru, miaka ya sabini, wakati yeye alikuwa bado tumboni kwa mama na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili mwenye maneno mengi kuliko umri wake.

Ngoja niwaeleze mimi, maana mkimwuliza yeye atawapa hadithi ambayo yeye ndiye shujaa. Hakuwepo!

Baba na mama walitoka ng'ambo ya ziwa, Kilwa. Kilwa yetu ya ziwani, msinichanganyie na ile ya pwani. Walivuka wakafanya biashara ya samaki, wakazoea, wakabaki. Nyumbani tulisema Kiswahili chetu cha Katanga, nje tulisema Kibemba na majirani, na baba akitaka kuonekana mkubwa aliongeza Kifaransa kidogo. Nyumba zote za Kabuta zilijaa watoto mpaka wakamwagika uani. Yetu ilikuwa na mimi peke yangu. Sababu niliijua vizuri sana: niliwatosha.

Ndiyo maana mwaka ule mama alipopata mimba nilikasirika kidogo. Na mama mwenyewe alikuwa na neno moja tu mdomoni, asubuhi na jioni: anamtaka mama yake. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa Kilwa, na mama alisema hazai bila Kambo kuwa karibu yake. Akiambiwa mbona wakunga wapo hapa hapa, anaondoka na kwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kumleta Kambo si kazi ya kusema tu. Desturi yetu ni ngumu. Mama mkwe hafuatwi na mtu baki, mkwe mwenyewe ndiye anayemchukua. Lakini mkwe huyohuyo hawezi kumtazama usoni, wala kula naye, wala kukaa karibu naye. Akimwona njiani, anaingia majanini mpaka mama mkwe apite. Haya, niambieni: katika mtumbwi mwembamba wa gogo moja, ambamo magoti ya wa nyuma yanamgusa wa mbele mgongoni, baba angemchukuaje? Kambo alituma habari kwamba hatakaa katika shimo la mti na mume wa binti yake. Na boti za wachuuzi pia alizikataa, kwa sababu yeye si gunia la samaki.

Kwa hiyo baba alimwomba jirani yetu, Bashi Chola, yaani baba yake Chola, atujengee boti ya mbao, ndefu na pana, yenye nafasi ya kiti mbele kabisa kwa Kambo na nafasi ya baba nyuma kabisa. Bashi Chola alikuwa mvuvi na fundi wa boti, mtu mfupi, mpole, anayesema Kiswahili cha sokoni. Akaijenga nyuma ya nyumba yetu, mbali na maji, mahali ambapo ziwa lilifika mwaka uliotangulia. Nilimwuliza kwa nini asijengee ufukweni. Akanijibu kwa upole wake wote:

"Mutoto, bwato haipelekwe ku maji. Maji njo inakuja kutwaa bwato."

Na ilikuwa kweli. Kila mwaka baada ya mvua Mweru hupanda, likazijia boti palepale zilipojengwa, na mafundi wote wa ufukwe ule walihesabu hivyo. Ila mwaka ule mvua ilikuwa kidogo. Ziwa lilikuja, likatuangalia kwa mbali, likasimama. Boti yetu ilibaki juu ya mchanga mkavu, imepakwa lami, imekamilika, kuku wanataga ndani. Wanaume waliisukuma mpaka wakaishiwa na nyimbo. Waliweka magogo ya kuiviringisha, magogo yakazama mchangani. Kila asubuhi mama alitoka, mkono kiunoni, akaangalia maji, akaangalia boti, kisha akaangalia tumbo lake.

Wakati huohuo ndipo baba alipoleta trakta.

Aliipata kwenye kambi ya watengeneza barabara iliyokuwa inafungwa. Alitaka kukokotea samaki kwenda Mwansabombwe, maana baiskeli zilikuwa zinamchosha. Ilifika Kabuta jioni ikikohoa, moshi mweusi juu, na watoto wote nyuma yake, mimi mbele yao kwa sababu trakta ilikuwa ya kwetu. Baba aliiegesha kando ya tanuri la kukaushia samaki. Tangu siku ile grisi yake na moshi wa samaki vilianza kuishi pamoja, na nguo zetu zote zikanuka vyote viwili, hata za kanisani.

Ilikuwa na vyuma ambavyo trakta nyingine hazina. Ubavuni ilikuwa na gurudumu bapa lisilo na mpira, halikugusa ardhi, linazunguka hewani bure. Nyuma ilibeba pipa dogo la chuma lililozungushiwa waya mnene. Chini ya pipa lile lilikunjwa jembe kubwa ajabu, pana kama mlango wa banda la kuku, lenye meno. Na ndani ya sanduku chini ya kiti kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kama kome, kina ndoano kichwani na kigurudumu tumboni. Muzungu wa kambini alikuwa amekwisha kuondoka, na mlinzi aliyemkabidhi baba ufunguo alijua kuiwasha na kuizima tu.

Basi Kabuta nzima ikaja kutambua vyuma. Bwana, ilikuwa raha! Watu walileta viti vyao kutoka nyumbani. Gurudumu la ubavuni halikuleta ubishi, kwa sababu kila mwanamke aliyewahi kupeleka mihogo kwenye mashine ya kusaga aliona palepale kwamba hapo panavaa mkanda. Ubishi ulikuwa huko nyuma. Bashi Chola alilizunguka lile pipa la waya, akasema ni la kuvutia nyavu: unafunga wavu, unawasha trakta, unakaa chini unakunywa munkoyo, samaki wanakuja wenyewe. Wavuvi wote wakapiga makofi.

Aliyekataa alikuwa Kasongo, mhunzi wetu, mtu mnene sana, aliyetembea polepole na kuhema hata akiwa ameketi. Yeye alisema vile vyuma havina kazi.

"Bazungu banapenda uzito," alisema. "Bon. Nipe mimi. Nitakutolea majembe ya kijiji kizima, na shoka juu."

"Wacha kwanza," mama akaingilia. "Ile ya chini ni jembe. Mi najua jembe nikiiona."

Nani angebishana na mwanamke mwenye mimba kuhusu jembe? Kesho yake baba aliipeleka trakta kwenye shamba la mihogo, akalishusha lile jembe, na mama akamwamuru aende kinyumenyume, kwa kuwa yeye mwenyewe akilima hurudi nyuma. Baba akarudi nyuma. Jembe likaingia ardhini. Likaingia tena. Trakta ikanguruma, ikatetemeka, magurudumu ya mbele yakanyanyuka kidogo, na haikwenda popote. Kadiri baba alivyokazana, ndivyo jembe lilivyozama. Tulilichimbua kwa mikono siku nzima, na mihogo ya mama ikakanyagwa yote.

Mama alisimama katikati ya uharibifu ule, akaweka mikono kichwani.

"Hii haiko jembe ya kulima!" alipiga kelele. "Hii ni jembe ya kukataa!"

Baba alichoka. Akamwambia Kasongo aje Jumamosi akate kila kitu: pipa, jembe, vyote. Kile kilichofanana na kome Kasongo alikichukua siku ileile, akakibeba begani mpaka kwenye karakana yake.

Jumamosi Kasongo akaja na nyundo zake. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo mama alikuwa amelia. Mimi nililala chumba cha pili, nilisikia. Alikuwa anasema jina la Kambo, na baba alikuwa anamwambia nyamaza, nyamaza, tutafanya namna. Asubuhi baba alitoka nje macho mekundu, akamwambia Kasongo:

"Ngoja kwanza. Waya ule ukikamata nyavu, unaweza kukamata bwato."

Hapo moyo wangu uliruka. Niliitaka ile boti iende majini kuliko kitu chochote, si kwa ajili ya mama, Mungu anisamehe, bali kwa sababu Kambo alikuwa na tabia ya kuja na karanga za kukaanga.

Baba aliiweka trakta kati ya boti na ziwa, mgongo wake umeelekea boti, mpaka pale mchanga ulipoanza kuwa tope. Wakafunga waya kwenye boti. Watu wakasogea kando. Baba akavuta mkono fulani wa chuma, pipa likaanza kuzunguka, waya ukakaza, ukaimba. Na trakta, jamani, trakta ndiyo iliyoanza kutembea! Boti haikutikisika. Trakta ilikokotwa kinyumenyume juu ya mchanga, taratibu, kwenda kuisalimia boti, na baba juu yake anageuka huku na huku hajui amfokee nani.

Mama aliketi chini. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakitoka. Mimi nilicheka naye, na wanaume wakacheka. Wanawake waliokuwa nyuma yangu hawakucheka. Niligeuka nikawaona wanamwangalia mama tu, na Bana Chola, mke wa fundi wetu, ameziba mdomo kwa kitenge. Nilishangaa, nikaona labda hawapendi trakta.

Kisha mama akaacha kucheka ghafla. Akanyoosha kidole.

"Jembe," alisema. "Weka jembe ya kukataa!"

Halafu Bashi Chola akapiga paja lake. "Mwe! Iyo ni nanga! Nanga ya trakta!"

Wakairudisha trakta mahali pake, wakalishusha jembe. Waya ukakaza. Trakta ikaanza kukokotwa, jembe likauma mchanga, likazama, likakataa kama lilivyokataa shambani. Na boti ikalia, kuku wawili wakaruka kutoka ndani, ikasogea. Kelele zilizopigwa pale nadhani Kilwa walizisikia.

Lakini furaha yetu ilikuwa na ncha. Lile pipa la waya, yaani winchi, huvuta kuja kwake, halisukumi. Boti ilikuja mpaka nyuma ya trakta, ikasimama, na mbele palikuwa na tope mpaka majini. Bashi Chola alitaka trakta iingie ziwani ivutie huko. Baba alikataa katakata. Ikizama, itatolewa na nani? Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa ng'ambo. Mama alikuwa bado ameketi mchangani, mkono wake chini ya tumbo.

Ndipo Kasongo, aliyekuwa amesimama na nyundo zake siku nzima akingojea vyuma vyake, akashika ule waya. Akaupitisha katikati ya vidole, polepole, akipima unene wake kwa gumba. Kisha akaangusha nyundo chini. Akakimbia.

Sikuwahi kumwona Kasongo akikimbia, na wala sikuona tena baadaye. Kila kitu mwilini mwake kilikimbia upande wake. Nilianguka chini kwa kucheka. Alirudi akiwa amekumbatia kile kitu kama kome, jasho limelowesha shati, akakifungua ubavuni mbele ya baba na kuonyesha kile kigurudumu cha ndani. Katikati yake palikuwa na mfereji uliong'aa, uliolika kwa kusuguliwa.

"Angalia," alisema akihema. "Waya njo ilikula hapa. Ule ule waya. Mi nilitaka kuitia moto leo."

Lilikuwa kapi. Bashi Chola hakuhitaji kuambiwa zaidi. Majini, mbele yetu, kulikuwa na kisiki cha mti uliokufa zamani maji yalipopanda, kisiki kigumu ambacho wavuvi walifungia mitumbwi. Aliingia majini na nguo zake, akafunga kapi pale kwa mnyororo. Wanaume wakakamata waya ule mzito kuupeleka kisikini na kuurudisha, wauzungushe kwenye kapi, waufunge mbele ya boti. Baba akawahimiza: kidole kimoja hakivunji chawa! Bashi Chola akamjibu toka majini kwamba hayo ni maneno ya Babemba, "umunwe umo tausala inda", na watu wa ng'ambo wameyaiba. Waliendelea kugombania chawa yule mpaka waya ukafika.

Baba aliihamisha trakta pembeni, kwenye mchanga mkavu, jembe chini. Sasa trakta ilivuta kuja nchi kavu, na boti ikaenda ziwani. Mimi akili yangu iligoma kabisa. Niliona waya unakuja kwetu na boti inatukimbia, ikiteleza juu ya tope, ikiinamisha pua, na mara ikaacha kuwa nzito. Ikaelea. Ikacheza kidogo kushoto na kulia, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Asante, Yezu," akamwomba Bana Chola amsaidie kuinuka.

Baba na Bashi Chola waliondoka na boti ile, na walipokuwa wanarudi sisi wote tulikuwa ufukweni. Mbele kabisa, juu ya kiti cha mbao, amefungua mwavuli, alikaa Kambo, mgongo ameupa mkwe wake. Nyuma kabisa baba alipiga kasia akiangalia pembeni, shingo imekakamaa. Katikati alikaa Bashi Chola, amechoka kuliko siku ya kuvuta, kwa maana toka Kilwa hadi Kabuta maneno yote yalipitia kwake. Kambo akisema, "Mwambie mkwe wangu atupitishe mbali na mawimbi," Bashi Chola anageuka anamwambia baba aliyekwisha kusikia. Baba akijibu, "Mwambie mama, ndiyo," anageuka tena.

Karanga alileta. Nami nikasamehe kila kitu.

Zozefu alizaliwa baada ya hapo, usiku, na asubuhi nilisikia kicheko cha Kambo kabla ya kuona mtoto. Kambo alikaa nasi mpaka mtoto akaweza kuketi mwenyewe. Kabuta wanamwita Zozefu Trakta hadi leo, na wazee wakimwona humwuliza kama bado anakataa. Trakta yenyewe ilivuta boti za watu wengi, na ubavuni ikazungusha mashine ya mihogo. Kasongo hakuomba tena hata boliti.

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa kwangu hadithi ya kuchekesha. Niliisimulia harusini, niliisimulia matangani watu walipotaka kupumua. Mpaka nikapata mimba yangu ya kwanza, mjini, na mama, akiwa mzee tayari, akaja na furushi lake kukaa kwangu bila kualikwa. Nilimwambia asijisumbue, hospitali iko karibu, mimi si mutoto. Yeye alikuwa anachambua mchele.

"Felista," akasema, "baada ya weye kulikuwa bawili. Wa kiume bote. Hakuna aliyemaliza juma. Nilikuwa peke yangu, mama yangu iko ng'ambo. Bana Chola njo alinisaidia kubazika, kule nyuma ya nyumba."

Kisha akaendelea kuchambua mchele wake.

Nyuma ya nyumba. Pale alipokuwa anakwenda kukaa. Mimi niliyejiona nimewatosha! Kabuta nzima ilijua, isipokuwa mtoto aliyelala chumba cha pili. Ndiyo maana wanawake hawakucheka. Ndiyo maana Bashi Chola alivumilia kuwa mdomo wa watu wawili toka ng'ambo. Na Kasongo, mtu mnene yule, niliyeanguka mchangani nikimcheka, alikuwa anakimbia kwa ajili ya mtoto wa tatu baada yangu. Nililia siku ile, nikamwacha mama akae mpaka achoke mwenyewe. Wabemba husema, "Mayo mpapa, naine nkakupapa": mama nibebe mgongoni, nami nitakubeba. Nilikuwa nimeusema msemo huo tangu shuleni kama kasuku.

Sijamwambia Zozefu habari ya wale wawili. Labda anajua, mama alikuwa na njia zake. Akija, nampigia kelele zilezile anawe mikono kwanza, maana siwezi kula bukari, ule ugali wetu, yenye grisi. Ila kabla hajanawa ninampokea wale samaki, na ninaishika ile mikono yake michafu, yote miwili, mpaka aniulize nina nini.

"Hakuna," namwambia. "Nenda kanawe."